SPREDA YA MBOLEA: PIMA KABLA YA KUMWAGA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Sina nia ya kubishana na wahenga, lakini kuna jembe moja ambalo ni lazima lichaguliwe, likaguliwe na kupimwa, la sivyo mkulima atavuna majuto. Jembe hilo ni mashine ya kumwaga mbolea ambayo hufungwa nyuma ya trekta. Kwetu Uasin Gishu madereva huiita spreda, nami nitatumia jina hilo hilo ili tusipotezane njiani.

Mpenzi msomaji, pengine unajiuliza, "Wanafunzi na spreda wapi na wapi?" Jibu ni rahisi. Wengi wetu katika shule hii ya kutwa tunatoka katika maboma ambayo karo, sare na hata pesa za chakula cha mchana hutoka shambani. Na katika shamba la ngano, mbolea ni mojawapo ya gharama kubwa kabisa. Sote tunakumbuka mwaka wa 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000 madukani, kabla ya serikali kuleta mbolea ya bei nafuu kwa shilingi 3,500. Mwaka wa 2023 bei hiyo ya serikali ilishushwa hadi shilingi 2,500. Hata kwa bei hiyo, mzee mwenye eka kumi anayetia mfuko mmoja kwa kila eka anatoa shilingi 25,000 kwa siku moja. Pesa kama hizo zikimwagwa ovyo, ni sawa na kutoboa mfuko wa suruali kisha kutia noti ndani.

Wengine husema ati mambo ya trekta ni ya wavulana. La hasha! Mimi ni msichana, na likizo zote humsaidia baba mdogo, ambaye ni dereva wa trekta, kupima mbolea na kuandika hesabu. Haya nitakayoeleza nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyapata katika somo la Kilimo na katika vitabu vya mashine zenyewe. Jambo kuu ninalotaka ulishike ni hili: spreda haina akili. Hutupa mbolea jinsi ilivyopangwa, wala haijui mkulima alitaka nini. Ndoo, mizani na saa ndivyo vitakavyokuambia ukweli.

1. SPREDA HUFANYAJE KAZI?

Juu kuna tangi lenye umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Hapo ndipo mbolea humiminwa. Ndani, karibu na chini, kuna chuma cha kukoroga ili mbolea isigande. Chini ya tangi kuna tundu lenye mlango wa bati ambao hufunguliwa na kufungwa kwa mkono wa chuma wenye namba. Namba kubwa, mlango wazi zaidi, mbolea nyingi.

Mbolea ikishapita mlangoni huangukia sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi. Juu ya sahani kuna vipande vya chuma vilivyosimama, tuviite mabawa. Mabawa ndiyo yanayoipiga mbolea na kuirusha pande zote mbili za trekta. Spreda ndogo huwa na sahani moja, kubwa huwa na mbili. Iko pia aina ambayo haina sahani bali ina bomba linalochezacheza kushoto na kulia kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi.

Nguvu za kuzungusha haya yote hutoka kwa trekta kupitia shafti ya P.T.O. Spreda nyingi hutaka shafti hiyo izunguke mara 540 kwa dakika. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Tafadhali usidhani kuwa spreda inafaa kila mmea. Inafaa ngano, shayiri na nyasi za ng'ombe kwa sababu mimea hiyo imefunika shamba lote. Mahindi yako kwa mistari, kwa hivyo mbolea ikirushwa, nyingi huangukia katikati ya mistari na kulisha magugu. Mahindi ni afadhali uyatilie kwa mkono, karibu na shina.

2. UKIENDA KUNUNUA

Kwanza piga hesabu ya shamba. Mwenye eka tano hana haja ya kununua spreda yake pekee. Akodishe, au majirani waungane wanunue moja. Spreda ni ya kufanya kazi siku chache kwa mwaka, siku zingine zote ni ya kulala kwa kibanda.

Pili, angalia trekta. Mifuko kumi ya mbolea ni kilo 500, na hapo hujahesabu uzito wa spreda yenyewe. Ukiweka mzigo huo nyuma ya trekta ndogo, magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani haushiki, na ukipanda mlima trekta inaweza kuinua kichwa. Chagua tangi linalolingana na trekta, au ufunge vyuma vya uzito mbele.

Tatu, kama unanunua iliyotumika, usinunue rangi. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Mbolea hula chuma kama mchwa alavyo mbao, na kuna wauzaji ambao hupaka rangi mpya juu ya kutu. Baba mdogo aliwahi kuonyeshwa moja ya namna hiyo mjini, ya bei ya kutupa, inang'aa kama sufuria mpya. Alipogonga chini ya tangi kwa spana, spana ikatokea upande wa pili! Akaniambia, "Mwanangu, rangi haishiki mbolea."

Mambo ya kukagua ni haya:

(a) Gonga tangi lote, hasa chini na kwenye viungo vilivyochomelewa. Tazama pia mahali pini za kufungia hushika, kama pana ufa.

(b) Fungua na ufunge mlango. Ukiwa kwenye sufuri ni lazima uzibe kabisa. Kama kuna milango miwili, pima matundu yote mawili kwa rula. Yakitofautiana, upande mmoja wa shamba utashiba na mwingine utalala njaa.

(c) Shika mabawa kwa vidole, trekta ikiwa imezimwa. Bawa zuri ni nene na laini. Bawa lililoisha huwa jembamba kama wembe, lina mifereji au matundu, na haliwezi kurusha mbali.

(d) Tikisa sahani juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe pia kwa mkono usikie kama giaboksi inakwaruza. Tazama chini yake kama mafuta yanavuja.

(e) Uliza kitabu na jedwali la namba za mlango. Uliza pia kama mabawa na beringi zake zinapatikana hapa nchini. Mashine isiyo na vipuri ni pambo la uani.

(f) Mwisho, omba ijaribiwe ikiwa na mbolea ndani. Ikizunguka tupu, kila spreda huonekana nzima.

3. KUPIMA

Hapa ndipo penye siri, ndugu msomaji, na hapa ndipo wengi huruka. Dereva hufika, humimina mifuko, hufungua mlango "kama mwaka jana" na kuondoka. Mwaka jana ilikuwa mbolea gani? Yurea ni nyepesi kuliko CAN. Lita moja ya CAN ina uzito wa karibu kilo moja, lakini lita moja ya yurea ni kama robo tatu ya kilo. Isitoshe, chembe nyepesi haziruki mbali kama nzito. Namba iliyofaa CAN haiwezi kufaa yurea.

Kabla ya yote, simamisha spreda wima mahali tambarare, isiinamie kushoto wala kulia. Rekebisha toplinki mpaka isiinamie mbele wala nyuma, ila tu kama kitabu chake chasema vingine. Nyingi huhitaji sahani iwe sentimita 75 hadi 80 juu ya mimea. Kisha upime mambo matatu.

Mwendo. Pima mita 100 shambani kwa kamba, weka vijiti viwili. Trekta ipite ikiwa tayari kwenye mwendo wake, P.T.O. ikizunguka mara 540, nawe ushike saa. Ikichukua sekunde 60, mwendo ni kilomita 6 kwa saa. Ikichukua sekunde 45, ni kilomita 8 kwa saa. Dereva akitaka kwenda polepole, abadilishe gia. Asipunguze mafuta! Akipunguza mafuta, sahani nayo hupunguza kasi, na mbolea huanguka karibu na magurudumu.

Kiasi. Tuseme tunataka mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka, mwendo ni kilomita 6 kwa saa, na upana wa kila safari ni mita 10. Kwa dakika moja trekta huenda mita 100, kwa hivyo hufunika mita 1,000 za mraba. Eka moja ina mita za mraba 4,047, yaani dakika nne na kidogo. Gawa kilo 50 kwa dakika hizo, utapata kilo 12 na robo hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo mbolea inayotakiwa kupita mlangoni.

Utajuaje kama inapita hiyo? Gawa 4,047 kwa upana wa mita 10, utapata mita 405. Basi, mimina mifuko miwili, tembea mita 405, funga mlango. Zima trekta, toa mbolea iliyobaki, uipime kwa mizani. Ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia maziwa yafaa kabisa. Ikibaki kilo 50, umeshinda. Ikibaki kilo 60, umemwaga 40 tu, ongeza namba moja kisha upime tena. Andika kila kitu katika daftari: aina ya mbolea, gia, namba ya mlango na kilo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazama sasa hatari ya haraka. Dereva huyo huyo akiongeza mwendo mpaka kilomita 8 kwa saa bila kugusa mlango, eka itapata kilo 37 na nusu badala ya 50. Robo ya chakula cha ngano imebaki kwenye tangi, na dereva anasifiwa kuwa mwepesi wa kazi.

Upana. Usidanganywe na umbali ambao chembe ya mwisho inafika. Mbolea huwa nyingi katikati na kupungua kuelekea kandoni, kama tuta la mchanga. Ndiyo maana safari moja ni lazima iingie kidogo katika nyingine. Panga makarai yanayolingana kwa mstari unaokata njia ya trekta, moja kila mita moja, ukiacha nafasi ya magurudumu. Tia nyasi kidogo ndani ya kila karai ili chembe zisiruke nje. Trekta ipite mara moja. Kisha mimina kila karai katika glasi yake, uzipange glasi kwa mstari ule ule. Hapo utaona umbo la tuta kwa macho, bila hesabu yoyote.

Tafuta glasi iliyo nusu ya ile ya katikati, upande wa kushoto na wa kulia. Umbali kati ya glasi hizo mbili ndio upana wako wa kazi. Kwa nini nusu? Kwa sababu trekta ikirudi, mahali hapo patapata nusu nyingine, na nusu mbili ni moja nzima. Spreda yaweza kurusha mita 14 zote, lakini upana wake wa kazi ukawa mita 10 tu.

4. NGANO HUSEMA

Mwaka wa 2023 baba alikodi trekta na spreda ya jamaa mmoja kutia yurea katika eka zetu sita. Kazi iliisha kabla ya saa sita, kila mtu akafurahi. Baada ya wiki mbili hivi, shamba likawa na milia kama punda milia: mstari wa kijani kibichi, mstari wa manjano, kijani, manjano, mpaka kwenye ua. Mwenye trekta alipoitwa alisema ati mbolea ya siku hizi ni mbovu.

Baba mdogo hakubishana. Alichukua kamba, tukapima kutoka katikati ya mstari mmoja wa manjano hadi mwingine. Mita 14. Tukapima tena pengine, mita 14. Na kila mstari wa manjano ulikuwa katikati ya njia mbili za magurudumu. Kama mbolea ingekuwa mbovu, shamba lote lingekuwa manjano. Mbolea ilikuwa nzuri, ila dereva aliacha mita 14 kati ya safari na safari kwa spreda isiyoweza kiasi hicho. Kwenye njia ya trekta mbolea ilizidi, mpaka ngano nyingine ikawa ndefu na dhaifu, mvua ikailaza chini. Kwenye manjano masuke yalikuwa mafupi na membamba. Mavuno yalipungua pande zote mbili, na mwaka huo baba alilipa karo yetu kwa vipande vipande.

Kwa hivyo milia ni barua. Jifunze kuisoma:

Manjano katikati ya kila njia mbili: safari ziko mbali mno, au sahani inazunguka polepole, au spreda imefungwa chini mno, au mabawa yameisha.

Nafasi moja imenona na inayofuata imekonda, kwa zamu: spreda inarusha upande mmoja zaidi. Trekta ikienda na kurudi, pande zenye nguvu hukutana na pande dhaifu hukutana. Tazama kama imeinama, kama mlango mmoja umeziba, au kama bawa la upande mmoja limevunjika. Kwenye sahani moja, tazama pia mahali mbolea inapoangukia sahani, maana hapo hurekebishwa.

Mbolea inakatika katika kisha inatoka: kuna mabonge tanginı, au chuma cha kukoroga kimevunjika. CAN na yurea hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo mfuko uliofunguliwa usiku huamka na mawe. Chekecha mabonge kwa wavu kabla ya kumimina.

Vumbi jingi nyuma ya trekta: mbolea imesagika. Vumbi haliruki mbali, kwa hivyo upana hupungua. Pima tena kwa makarai.

Sahani imesimama ilhali shafti inazunguka: pengine bolti ya usalama imekatika. Bolti hiyo imewekwa ikatike ili giaboksi ipone. Usiweke msumari au chuma kigumu mahali pake, utanunua giaboksi nzima. Kwanza tafuta kilichosababisha.

Upande mmoja umekosa ilhali spreda ni nzima: ni upepo. Fanya kazi asubuhi upepo ukiwa umetulia, ila ngoja umande ukauke, kwa sababu chembe zikinata kwenye majani mabichi huyachoma.

5. USALAMA NA UTUNZAJI

Shafti ya P.T.O. haina urafiki. Kwa mizunguko 540 kwa dakika, hufanya mizunguko tisa kwa sekunde moja. Ikinasa leso, sweta ya shule au kamba ya koti, hutapata hata nafasi ya kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko isifungwe kwa trekta. Kabla mtu hajatia mkono tangini kutoa bonge, P.T.O. izimwe, injini izimwe, na ufunguo utolewe. Asikubali utingo yeyote kupanda juu ya spreda kukoroga mbolea kwa kijiti ikiwa inazunguka, hata kama dereva anasema ni kawaida. Na watoto wasisimame nyuma, maana chembe za mbolea hupiga jicho kama changarawe.

Jioni toa mbolea yote, isilale tangini. Osha kwa maji mengi, mbali na kisima na mto, acha ikauke, tia grisi kwenye beringi na shafti, kisha upake vyuma mafuta kidogo. Ni kazi ya nusu saa tu. Asiyefanya hivyo, msimu ujao atakuta mlango umeshikana kwa kutu na sahani haizunguki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenzangu, huenda hatuna spreda nyumbani, lakini karibu kila nyumba ina karai, kamba na saa, na mizani huko kwenye maziwa haikosi. Wazazi wetu wanapokodi mashine, tuwaombe watuachie nusu saa ya kupima kabla mlango haujafunguliwa. Dereva akinuna, mwambie kwa heshima, "Mzee, tupime kwanza eka moja." Dereva mwema hatakataa. Na yule atakayekataa, afadhali ajulikane mapema, mifuko ikiwa bado imefungwa.